Paka na Panya: Jina Hurithiwa, Kazi Hairithiwi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya paka mmoja na panya mmoja. Najua wapo wasikilizaji watakaosema kwamba leo nimeishiwa mada, kwamba bei ya unga inapanda na mimi nakaa kuzungumzia katuni. Naomba subira. Mambo yanayowachekesha watoto wetu ni mambo makubwa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayokaa kichwani hadi uzeeni. Mtajie mtu mzima yeyote wa mjini majina ya Tom na Jerry, awe hakimu au dereva wa daladala, utamwona anatabasamu kabla hajajibu.

Jambo linalonisumbua ni hili. Kila baada ya miaka kadhaa hutangazwa kwamba Tom na Jerry wamerudi wakiwa wapya. Wazazi huwaita watoto, familia nzima hukaa mbele ya televisheni, na baada ya robo saa wakubwa wameanza kupiga miayo. Kisha mtu anatafuta filamu ya zamani, iliyotengenezwa kabla babu yake hajaoa, na nyumba nzima inaanza kucheka tena. Kwa nini?

Wengi hujibu upesi kwamba ya kale ni dhahabu. Mimi jibu hilo silikubali. Mwaka 1940 Tom na Jerry nao walikuwa wapya, na waliokuwa wakubwa kazini wakati huo hawakuwaona kuwa dhahabu hata kidogo.

Tuanzie huko. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa vijana wawili wakifanya kazi katika kitengo cha katuni cha kampuni ya sinema ya MGM, Marekani. Februari 1940 ilitoka filamu yao fupi iitwayo Puss Gets the Boot. Wakubwa wao waliona kwamba habari ya paka kumfukuza panya haina jipya, wakawaambia washike mengine. Lakini watazamaji waliipenda, ikafika hadi kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na mfanyabiashara mmoja wa sinema huko Texas akaandika barua kuuliza lini ataletewa nyingine. Hapo ndipo wakubwa walipozinduka. Katika filamu ile ya kwanza paka aliitwa Jasper. Majina ya Tom na Jerry yalipatikana kwa mashindano ya wafanyakazi wenyewe, na mchoraji John Carr aliyeyapendekeza akapata dola 50.

Kuanzia hapo hadi mwaka 1958, Hanna na Barbera walitoa filamu fupi 114 za wanyama hao wawili. Saba kati yake zilishinda Oscar. Sanamu hizo za ushindi alizipokea mtayarishaji, Fred Quimby, na waliobuni na kuongoza kazi hawakuitwa jukwaani. Hiyo nayo ni historia ya kazi, na naamini wapo wanaonisikiliza ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika saba, basi, ni picha zipatazo elfu kumi, na wakati ule mchoro ulitoka katika mkono wa mtu, ukapakwa rangi na mkono wa mtu mwingine, ndipo ukapigwa picha. Muziki ulitungwa na Scott Bradley, akaufuatisha na mwendo: paka akinyata, vyombo vinanyata naye, akiteleza, orkestra nzima inaanguka naye. Sauti ile ya Tom anapobanwa mkia ilikuwa ya Hanna mwenyewe, akipiga kelele mbele ya kipaza sauti.

Mtazame Tom katika The Cat Concerto ya mwaka 1947. Amevaa suti nyeusi, anapiga piano mbele ya watu, na Jerry amelala ndani ya piano hiyo. Vita inazuka, lakini mpiga piano haruhusiwi kuuacha muziki wala kupoteza heshima yake ukumbini. Mwisho Tom ameanguka hoi, na anayepokea makofi ni panya. Hakuna neno hata moja lililosemwa, na hakuna mtu duniani asiyeelewa.

Ukimya huo ndio uliowaleta kwetu. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Katika miaka hiyo yote vipindi vingi kutoka nje vilikuja kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua Kiingereza aliketi pembeni akingoja kaka yake amtafsirie. Kwa Tom na Jerry hakungoja mtu. Bibi aliyekuja mjini kutibiwa alicheka sawasawa na mjukuu wake anayesoma shule ya kulipia.

Tena hadithi yenyewe hatukuiona kuwa ngeni. Sisi ni watu tuliolelewa kwa visa vya Sungura, mdogo asiye na nguvu anayemzidi Fisi na Simba kwa akili. Katika filamu ile ya mwaka 1940 paka ameonywa kwamba akivunja chombo kimoja zaidi atafukuzwa nyumbani. Panya anasikia onyo hilo. Basi ananyanyua glasi, anamtazama paka, anafanya kama anataka kuiachia. Mwenye meno na makucha anageuka kuwa mtumwa wa mwenye glasi. Huyo ni Sungura aliyevaa ngozi ya panya. Lakini angalieni: na Tom naye anatutia huruma, kwa kuwa ni mfanyakazi anayeogopa kupoteza kazi. Ndiyo maana hatuchoki nao. Leo tunamwonea huruma huyu, kesho yule.

Mwaka 1957 MGM ilifunga kitengo chake cha katuni. Watu wa hesabu walikuwa wamegundua kwamba filamu za zamani zikionyeshwa upya huleta mapato yanayokaribia yale ya filamu mpya. Kwa nini basi kuwalipa wachoraji? Baada ya muda mfupi kampuni ikataka filamu mpya tena, safari hii kwa bei nafuu. Kazi ikapelekwa Prague, Chekoslovakia, kwa Mmarekani Gene Deitch, aliyetengeneza filamu 13 zilizotoka mwaka 1961 na 1962. Wachoraji wake walipewa filamu chache tu za zamani kuwa mfano. Majina yao ya Kicheki yakabadilishwa yafanane na ya Kiingereza, maana ilikuwa enzi ya uhasama wa Mashariki na Magharibi. Matokeo yake ni paka na panya wanaotembea kama waliokosa usingizi, na milio inayotoka kama ndani ya pipa. Watu wengi wamemcheka Deitch kwa miaka mingi. Mimi nasema fundi apewe mbao na muda kwanza, ndipo tuilaumu meza.

Akafuata Chuck Jones, bingwa mwenye jina lake, aliyetoa filamu 34 kati ya mwaka 1963 na 1967. Ni nzuri kwa macho, lakini yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwaelewa wanyama hao kama alivyowaelewa wale aliowabuni mwenyewe.

Hadi hapa msikilizaji anaweza kusema kwamba kosa ni kuwapa wageni urithi wa watu. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Mwaka 1975 Tom na Jerry walirudi mikononi mwa Hanna na Barbera wenyewe, sasa wakiwa na kampuni yao, kwa ajili ya televisheni ya ABC. Mambo yalikuwa mabaya kuliko Prague. Wazazi wa Marekani walikuwa wamelalamika kwamba katuni zinawafundisha watoto ukatili, na vituo vikaweka masharti. Basi paka na panya wakafanywa marafiki. Jerry akavalishwa tai shingoni. Wakawa wanasafiri pamoja, wanashindana michezo, wanasaidiana. Michoro nayo ilipunguzwa, kwa kuwa kipindi cha kila juma hakingoji mkono wa mchoraji.

Siwacheki wazazi wale. Mzazi anayejiuliza mtoto wake anatazama nini ni mzazi mwema. Lakini dawa waliyopewa ilimuua mgonjwa. Ondoa ugomvi wa paka na panya, na kinachobaki ni wanyama wawili wasio na la kufanya. Ingefaa zaidi mtu mzima akae na mtoto, amwambie kwamba nyundo ya kwenye katuni haiumi na nyundo ya fundi inaumiza. Watoto wengi wanalijua hilo kabla ya kuambiwa.

Masharti yalipolegea, yakaja makosa mengine. Filamu ndefu ya mwaka 1992 iliwafanya Tom na Jerry wazungumze na kuimba, wakashirikiana kumsaidia msichana yatima. Zamani walisema neno kwa nadra sana, na neno hilo lilichekesha kwa sababu ya unadra wake. Mwaka 2021 ikaja nyingine, imechanganya katuni na waigizaji wa kweli katika hoteli moja ya New York. Watu wanapanga harusi, wanagombea kazi, wanaeleza shida zao, na paka na panya wanapita katikati kama wageni waliokosa kadi ya mwaliko.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba cha zamani kisiguswe. Katika filamu nyingi za kati ya mwaka 1940 na 1952 alikuwemo mtumishi wa nyumbani, mama Mweusi mnene ambaye uso wake ulifichwa na Kiingereza chake kilifanywa cha kuchekesha watu. Chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP kililalamika, na kilikuwa na haki. Katika miaka ya 1960, kwa ajili ya televisheni, baadhi ya sehemu hizo zilichorwa upya na mahali pake akawekwa mwanamke Mzungu mwembamba. Mimi hilo siliiti kusahihisha. Ni kumfukuza mama wa watu kazini ili aibu ya mwajiri isionekane. Mwaka 2014 Amazon na iTunes ziliamua kuacha filamu zilivyo na kuweka onyo kwamba zina ubaguzi wa enzi zake. Hiyo naiona njia ya haki zaidi: mtoto ajue kwamba watu wenye vipaji wanaweza kufanya kazi nzuri na ndani yake wakatia dharau.

Kwa hiyo zipo aina mbili za kubadilisha. Ipo ya kuona kosa na kulitaja waziwazi. Na ipo ya kuona faida katika jina, ukalichukua jina ukaacha jasho lililolijenga. Hiyo ya pili ndiyo inayotupigisha miayo. Jina hurithiwa kwa hati ya mwanasheria. Kazi hairithiwi hivyo, lazima ifanywe upya kila siku.

Na sisi linatuhusu. Mwaka 2010 kilianza kuonyeshwa kipindi cha Tinga Tinga Tales, visa vya wanyama wa Afrika vilivyochorwa na vijana mjini Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Said Tingatinga wa Dar es Salaam. Wapo wengine wanaoendelea kuchora, na watakuja wengi zaidi. Siku si nyingi atatokea mwenye fedha atakayewaambia kwamba hila za Sungura si mfano mwema, basi na awe mpole. Atawaambia aongee sana ili watoto wasichoke. Atataka kazi yote iwe mezani Ijumaa.

Vijana wangu, siku hiyo mkumbukeni Jerry aliyevishwa tai. Mpeni Sungura ujanja wake, mpeni Fisi tamaa yake, na nyinyi wenyewe dai­ni muda wenu na majina yenu mwishoni mwa filamu. Nanyi wazazi, msinunue kwa kuangalia jina lililoandikwa nje. Kaeni dakika kumi mkitazame pamoja na mtoto. Kama nyote wawili mnacheka, basi hapo kuna mtu aliyefanya kazi.

Hadi juma lijalo, nawatakia heri.