Kalamu ya nesi wa Uganda

Mitihani iko mlangoni lakini acha niwatupie historia kidogo. Hapa chuo tunasoma vita na wakoloni, habari ya maumivu hakuna anayeiuliza.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Wagonjwa wake walikuwa wa saratani na UKIMWI, wengi wao hawaponi tena na wanauguzwa nyumbani. Dawa yao ikawa mofini ya kunywa: unga unachanganywa na maji, kisha unatiwa rangi ili dawa kali isichukuliwe kwa ile nyepesi. Mtu anakunywa akiwa kwake, hahitaji kitanda cha hospitali.

Sasa tatizo liko wapi? Sheria haikumruhusu nesi kuandika mofini, na huko vijijini daktari ni wa kutafuta kwa tochi. Nesi ndiye anayefika, anakaa mkekani, anamsikia mgonjwa akiugulia. Dawa anaijua. Kuiandika, hawezi!

Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni: manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa wenyewe. Afrika nzima hakuna nchi iliyotangulia.

Jamani, kwenye nondo zetu ukombozi ni bendera kupanda. Mimi naongeza na huu: mgonjwa kulala usiku bila kulia, kwa sababu nesi amepewa kalamu.

Mnaosoma unesi mpo? Semeni neno basi. Alamsiki.