Waliokaa nyuma na fidla zao: okestra za taarabu za mji wa Unguja

Wadau, ukimtaja Siti binti Saad au Bi Kidude kila mtu anadakia, hata dogo wa darasa la saba. Sasa uliza nani alikuwa anawapigia fidla. Kimya. Hao waliozungukwa na kimya ndio nataka tuwaongelee leo, maana bila wao mji wa Unguja usingekuwa na harusi za kusimuliwa.

Tuanzie juu kabisa, kwa wenye nacho. Sultani Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na jamaa alipenda raha. Simulizi inayojulikana na wengi ni kwamba alivutiwa na wanamuziki wa Misri, kisha akamtuma kijana wa Kizanzibari, Mohamed Ibrahim, akajifunze Cairo. Akarudi anajua kupiga kanuni (siyo zile za shule, ni kinanda cha nyuzi zaidi ya 70 unachokilaza mapajani). Muziki ule ulikuwa wa jumba la kifalme, kwa Kiarabu, na mtu wa Ng'ambo aliusikia kwa mbali tu kama aliusikia.

Halafu ikaja 1905. Vijana wa mjini wakaamua kuanzisha kikundi chao, wakakiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nia safi. Vyombo wakaagiza Misri. Hapa ndipo napenda watu waelewe vizuri: kile kilikuwa klabu kwanza, bendi baadaye. Mtu alikuwa mwanachama, anatoa mchango, jioni anaenda kukaa na wenzake, wanakunywa kahawa, wanafanya mazoezi. Mwanachama akioa, wenzake wanakuja kumpigia. Mchana kila mtu ana shughuli yake ya kumwingizia riziki, usiku anashika udi. Hakuna aliyekuwa anaishi kwa fidla peke yake, na mpaka leo ni wachache sana.

Siti binti Saad ndiye aliyeufanya muziki huu kuwa wa watu wote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, tena kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida akasikia mambo ya mtaani kwake yanaimbwa. Ila angalia vizuri: alikwenda na wapigaji. Sura yake tumeikariri, wao wamebaki kuwa "wenzake". Hata mimi hapo juu nimeandika hivyo hivyo.

Okestra yenyewe ilikua kidogo kidogo. Redio na filamu za Misri zilipoingia, watu wakasikia Umm Kulthum na jeshi lake la fidla, nao wakataka kitu kama kile. Basi zikaongezwa fidla, akaja selo, akaja besi mrefu kama mlango, akodiani, nai, dumbaki na rika. Ukiingia ukumbini unakuta watu ishirini na kitu wamekaa kwa mistari na nguo za sare, waitikiaji wanawake wamependeza, na kabla ya nyimbo zenye maneno wanafungua na bashrafu, kipande cha vyombo vitupu. Sisi tuliozoea singeli tunaona kama inachelewa kuanza. Mwenyeji anajua shughuli imeshaanza zamani.

Sasa kazi yao kwenye jamii iko wapi? Iko kwenye kutunza. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, mama mmoja anainuka huko nyuma, noti iko juu, anakuja taratibu huku anayumba. Ukumbi mzima unajua ubeti ule anampelekea nani. Inaweza kuwa mke mwenza, jirani, hata mawifi. Hajatamka neno, kesi imeshasikilizwa. Na hapo ndipo mpiga fidla anapookoa jahazi: mwimbaji akimaliza mstari, fidla zinaurudia, na zile sekunde ndizo zinazompa mama nafasi ya kufika mbele kwa madaha bila kukimbia. Fidla zikiharakisha, ujumbe umeharibika. Huyo mpigaji kashiriki ugomvi wa mtaa mzima na hajatajwa hata siku moja.

Siasa nazo hazikuwaacha. Culture Musical Club, wapinzani wakubwa wa Ikhwani Safaa, walianza 1958 wakiwa na uhusiano na vijana wa chama cha Afro-Shirazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ikaingia kwenye mambo ya utamaduni, na klabu zikapiga kwenye sherehe za taifa. Ikhwani Safaa hata ikazoeleka kwa jina la Malindi, mtaa wake. Tawala zikabadilika, lakini ugomvi wa "nani wakali, Malindi au Culture" ukaendelea kama Simba na Yanga.

Kilichowatikisa kweli ni kinanda cha umeme. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipoingia na East African Melody, hesabu ikawa rahisi mno. Mwenye harusi anaona watu 25 wa kuwalipa, kuwasafirisha na kuwalisha pilau, halafu anaona kundi dogo lenye kinanda kinachotoa sauti ya fidla zote. Ungekuwa wewe? Mimi taarabu ya rusha roho naipenda na naicheza, sitaki unafiki. Ila kinanda kilipokaa kwenye kiti kimoja, viti kama kumi vya fidla vilibaki vitupu, na mtoto wa mpiga fidla akakosa sababu ya kujifunza.

Hata hivyo hawajafa. Tangu 2002 kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, na wasichana wanashika fidla na kanuni, vyombo ambavyo zamani vilikuwa mali ya wanaume. Kuna hata Tausi, okestra ya wanawake watupu. Ikhwani Safaa wenyewe walitimiza miaka 100 mwaka 2005, na ni klabu chache za mpira Afrika Mashariki zinazoweza kujisifia umri huo.

Sasa wadau wa Zenji, nina ombi. Majumbani kwenu kuna picha za harusi za zamani, okestra imekaa nyuma ya bibi harusi. Muulizeni bibi angali yupo: yule wa tatu kushoto mwenye fidla ni nani, na mchana alikuwa anafanya kazi gani? Tupieni jina hapo chini.