Asili ya Jubilei, na Jina la Kariakoo

Siku hizi neno Jubilei limo vinywani mwa watu wote. Sare zimeshonwa, nyimbo zafundishwa, nasi twaihesabu miaka ya Jimbo letu kwa shukrani. Lakini mtoto akimwuliza mwalimu wake, “Jubilei ni nini?”, haifai ajibiwe ya kuwa ni sikukuu ya miaka mingi tu. Neno hili lina asili yake, na asili hiyo yatudai jambo.

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, twasoma ya kwamba Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, ndiyo miaka 49, na mwaka wa 50 wautakase. Siku ya Upatanisho, yaani siku ya kumi ya mwezi wa saba, pembe ilipigwa katika nchi yote. Pembe hiyo ilikuwa ya kondoo dume, na kwa Kiebrania iliitwa yobel. Ndipo lilipotoka jina la mwaka wenyewe. Sisi watu wa pwani twalielewa jambo hili upesi, maana zamani za wazee wetu siwa na baragumu zilipigwa vivyo hivyo katika mambo makuu.

Mlio wa pembe ulitangaza mambo mawili. Mtu aliyeuza shamba lake kwa shida alirudishiwa. Na Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alitoka huru, yeye na watoto wake, akarudi kwa jamaa zake. Baadaye Mtakatifu Jerome alipofasiri Maandiko kwa Kilatini, alitumia neno linalofanana na lile la Kilatini lenye maana ya kupiga vigelegele. Tangu hapo Jubilei yasikika masikioni kama furaha. Lakini utaratibu wake ni huu: kwanza uhuru, kisha vigelegele.

Karne nyingi zikapita. Mwaka wa 1300 watu wengi walimiminika Roma kuomba rehema, na mwezi wa Februari Papa Boniface VIII akatangaza mwaka mtakatifu. Wenyeji wa Roma waliagizwa kuyazuru makanisa ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo siku 30, na wageni siku 15, wakiwa wametubu na kuungama. Umati ulikuwa mkubwa hata darajani watu walipangwa pande mbili, wanaokwenda huku na wanaorudi huku. Mshairi Dante alilitaja jambo hilo katika utenzi wake mkuu. Papa Boniface aliagiza Jubilei kila miaka 100. Papa Clement VI akaifanya miaka 50, na kwa hiyo ikaadhimishwa tena mwaka wa 1350. Papa Paul II, mwaka wa 1470, akaifanya miaka 25, ili kila kizazi kipate kuiona. Hii ndiyo asili ya hesabu yetu ya 25 na 50.

Je, katika safari hiyo ndefu, habari ya watumwa ilisahauliwa? Mara nyingi ilisahauliwa. Lakini mwaka wa 1888, Papa Leo XIII alipoadhimisha miaka 50 ya upadre wake, Wakristu wa Brazili walimletea zawadi isiyo ya dhahabu: waliwaacha huru watumwa wengi. Papa aliwaandikia maaskofu wao barua tarehe 5 Mei, akisema kuwa zawadi hiyo imemgusa kuliko nyingine. Siku nane baadaye utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Brazili yote.

Mwaka huo huo wa 1888 Wabenediktini walifika kwetu, wakaweka misioni yao Pugu. Miongoni mwa walioishi nao walikuwamo watu waliotolewa utumwani. Mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri na Wajerumani, misioni hiyo ilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, nao wakakombolewa kwa malipo. Baadaye Kanisa la Mtakatifu Yosefu likajengwa karibu na bandari, tangu 1897 hata 1902. Walakini tusijisifu kupita kiasi: katika Tanganyika utumwa haukufutwa kwa sheria hata mwaka wa 1922. Kanisa lilikuwa limekwisha kusimama miaka 20.

Na sasa tutoke bandarini twende Kariakoo. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, waliweka huko kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na ndimi za watu zikaligeuza jina likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikuwa wanaume wa Afrika, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu, nao walibeba vyakula na risasi za jeshi. Hesabu ya Serikali yenyewe ilionyesha kuwa zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ujira wa maelfu ya waliokufa haukuwafikia jamaa zao kamwe. Mwaka wa 1927 ilisimamishwa katikati ya mji sanamu ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi.

Basi tazameni. Sheria ya Musa ilisema kila mtu arudi kwa jamaa zake na mali yake. Wapagazi hawakurudi, wala haki yao haikurudi, nasi twalitamka jina lao kila tuendapo sokoni kununua mchele na vitenge.

Kwa hiyo yatupasa kuishika Jubilei kwa namna yake ya kwanza. Mwenye kazi na awalipe vibarua wake kabla ya sikukuu. Mwenye duka na alifungue daftari la madeni, amsamehe mjane asiyeweza kulipa. Aliyechukua kiwanja cha yatima na akirudishe. Ninyi walimu, wafundisheni watoto maana ya jina la Kariakoo pamoja na nyimbo za sherehe. Na katika Misa ya Jubilei tuwaombee wapagazi wale ambao makaburi yao hayajulikani, Mungu awape raha ya milele. Ndipo tupige vigelegele.