Feri ya Oslo na daraja la Garissa

Binamu yangu anayeishi Oslo alinitumia video akiwa kwenye feri ya kwenda Copenhagen. Wanaondoka mchana, wanalala baharini, asubuhi wako mji mkuu wa nchi nyingine. Kuna mikahawa, maduka, watoto wanakimbia kwenye korido. Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu: pasipoti wanagonga muhuri saa ngapi? Akacheka sana.

Kicheko chake ndicho kilinifanya nianze kusoma. Kumbe mwaka 1952 Denmark, Norwe, Uswidi na Ufini zilikubaliana raia wao wavuke kutoka nchi moja hadi nyingine bila pasipoti. Hapo vita vikuu vimeisha miaka saba tu, na Denmark na Norwe zilikuwa zimekaliwa na Wajerumani. Bado wakafungua milango.

Sasa njoo huku kwetu, mwaka huohuo. Garissa iko ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Ng'ambo ni Mororo na Madogo. Hakuna bahari hapo, ni mto, na pande zote mbili ni koloni moja la Kenya. Lakini kaskazini ilikuwa imetangazwa wilaya iliyofungwa tangu 1926, na sheria ya 1934 ikakaza zaidi: huingii wala hutoki bila kibali. Babu yangu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Kwake safari ilianza ofisini kuomba pasi, si sokoni.

Uhuru ukaja, na mwezi huohuo, Desemba 1963, ikatangazwa hali ya hatari. Iliondolewa Novemba 1991. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka 28. Darajani basi linasimama, watu wanashuka, kitambulisho mkononi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya wakaandikishwa upya, na aliyepita akapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Yaani kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho! Ndiyo maana ukisikia mzee wa Garissa akisema "naenda Kenya" ilhali anaenda Nairobi, usimsahihishe.

Na usafiri wa majini tumeuonja pia, wala si ule wa mikahawa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara upande wa Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua. Aprili 2024 maji yakarudi, na mashua moja ikapinduka Kona Punda. Watu walikufa. Hao walikuwa wanavuka kwenda kaunti jirani tu, jamani.

Ile video nilimwonyesha babu. Aliitazama yote, hata pale binamu anapokunywa kahawa na kisiwa kinapita dirishani. Akaomba niirudishe mwanzo. Akasogeza simu karibu na macho.

"Wanaposhuka," akaniuliza, "yule wa kuangalia karatasi amesimama wapi?"