Kutoka kwenye choo cha mtoto hadi kwenye kopo: historia fupi ya 2'-FL

Najua mnasubiri sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja, msinikasirikie. Leo naomba tuongee habari za maziwa.

Mambo yalianza hivi. Shemeji yangu hapa Njoro amejifungua, na likizo yake ya uzazi, ile miezi mitatu ya sheria, inakaribia kwisha. Jamaa mmoja akamletea kopo la maziwa ya unga kutoka Uingereza. Kwenye lebo kumeandikwa 2'-FL. Mwenzake wa kazini akamwambia hiyo ndiyo sukari ya maziwa ya mama, kwa hivyo anaweza kumwachisha mtoto titi bila hasara yoyote. Akaja na kopo mkononi: "Shemeji, si wewe ni mtu wa kompyuta? Hebu nisomee hii."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si udaktari. Lakini nilikesha siku mbili nikisoma, na niliyoyakuta nimeona nisiyale peke yangu.

Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich, akiwa Munich, alieleza bakteria aliyempata kwenye choo cha watoto wachanga. Siku hizi anaitwa Escherichia coli. Mkumbukeni huyo, atarudi. Mwaka 1899 Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris akampata mwingine, bifidobakteria, kwenye choo cha watoto wanaonyonya. Swali likawa: mbona bakteria hawa wamejaa kwa watoto wa titi kuliko kwa wale wanaolishwa maziwa ya ng'ombe?

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 50. Katika miaka ya 1950 Paul György huko Marekani na Richard Kuhn huko Ujerumani walionyesha kwamba chakula cha bakteria hao ni sukari maalumu za maziwa ya mama, oligosakaridi. Lita moja ya maziwa ya mama ina gramu 5 hadi 15 za sukari hizi, za aina zaidi ya 150. Maziwa ya ng'ombe yana kidogo sana. Ajabu ni kwamba mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni hadi utumbo mpana, na huko bifidobakteria wanakula. Yaani mama akinyonyesha anapika chakula cha mtoto na cha wageni wake pia.

Sasa utazipata wapi kwa wingi? Huwezi kuwakamua kina mama kiwandani. Kuziunda kwa kemia tupu kulihitaji hatua nyingi na gharama kubwa.

Hapa wenzangu wa programu tegeni sikio. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi E. coli anavyoamua kula laktosi. Ni "kama hivi, basi vile" tupu: kama laktosi ipo, washa jeni, kama haipo, zima. Jeni iitwayo lacY inatengeneza mlango wa kuingizia laktosi. Jeni lacZ inatengeneza mkasi, yaani kimeng'enya kinachoikata.

Miaka ya 2000 Eric Samain na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, waliihariri kodi hiyo, na mwaka 2006 wakachapisha kazi yao ya kutengeneza 2'-FL. Kwanza, lacZ ikafutwa, ili laktosi iingie isikatwe. Pili, lacY ikaachwa, mlango ubaki wazi. Tatu, wakaziba njia ambayo bakteria huitumia kupeleka fukosi kwenye utando wake wa nje. Nne, wakaongeza jeni futC, inayotengeneza kimeng'enya cha kuunganisha fukosi na laktosi. Na hiyo jeni waliinakili kutoka kwa Helicobacter pylori, yule yule wa vidonda vya tumbo! Kopi na pesti kutoka kwenye mradi wa adui. Ukimpa bakteria huyu laktosi, ambayo hutokana na maji ya jibini la ng'ombe, anakurudishia 2'-FL.

Kampuni mbili, Glycom ya Denmark na Jennewein ya Ujerumani, zote za mwaka 2005, zikaipeleka kazi ya namna hii viwandani. Umoja wa Ulaya uliidhinisha 2'-FL mwaka 2016. Sisi wa Bonde la Ufa tumezoea mursik, ambapo bakteria unawanywa pamoja na maziwa. Huku ni tofauti: bakteria huchujwa, ikabaki sukari tu, yenye umbo lile lile la sukari ya mama.

Na Kenya imo katika hadithi hii. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Pwani walionyesha kwamba unga wenye madini ya chuma uliongeza bakteria wabaya na uvimbe katika utumbo wa watoto. Mwaka 2017 wakaripoti kwamba kuongeza GOS kulipunguza sehemu kubwa ya madhara hayo. GOS ni binamu wa bei nafuu: unachukua laktosi nyingi na kimeng'enya cha jamii ya ule mkasi, na badala ya kukata tu, kinaunganisha.

Basi nikamjibu shemeji. Ndiyo, hiyo sukari ni ya kweli, si porojo. Lakini ni moja kati ya zaidi ya 150, na kopo halina kinga zako za mwili wala seli zako hai. Anayekosa maziwa kabisa, kopo litamsaidia. Wewe unayo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa, lakini kazini nitanyonyeshea wapi?" Hapo historia yangu yote haikumsaidia kitu. Nikatafuta tena, nikakuta Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na muda wa kufanya hivyo. Tukaandika barua pamoja, nikaichapa, ameipeleka Jumatatu. Jibu bado. Kopo liko juu ya kabati, halijafunguliwa.

Hifadhidata ni wiki ijayo, haki ya Mungu.