Sifa za ‘Nagona’: Ni za kitabu au ni zetu wahakiki?

NIANZE kwa kutubu. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, niliandika insha ya mtihani kuhusu riwaya ya Nagona nikapata alama nzuri, ilhali kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimebukua madokezo ya darasani na fotokopi za makala mbili za uhakiki, basi. Nilijua kuyapanga maneno usasabaadaye, udhanaishi na uhalisia wa kimazingaombwe katika aya moja yakalingana. Aliyesahihisha hakung’amua. Leo, baada ya kusahihisha mitihani ya wengine kwa miaka mingi, nashuku kwamba hata yeye hakuwa ameufikia ukurasa wa mwisho.

Waingereza na Wamarekani wana Ulysses ya James Joyce, iliyotoka 1922, ambayo wengi huisifu na wachache huimaliza. Sisi wa Kiswahili tuna Nagona (1990) ya marehemu Prof Euphrase Kezilahabi, pamoja na pacha wake Mzingile (1991). Nenda kongamano lolote la Kiswahili uone: hukosi kumsikia mtu akisema kuwa hapo ndipo riwaya yetu ilipofika kileleni. Sasa muulize huyo msemaji ni nini hasa kinachotokea humo ndani. Atakohoa, atatengeneza miwani, kisha atakutajia mhakiki fulani.

Je, sifa hizi ni za haki? Ili kulijibu swali hili, sharti turudi nyuma kidogo.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, akasoma katika Seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilizua zogo hadi ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Zikafuata Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hizi zote zilisomeka. Hata aliyekasirishwa nazo alijua fika kilichomkasirisha.

Baada ya hapo, kimya cha riwaya cha miaka 11. Katika kipindi hicho alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya uzamifu. Tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo alihoji mazoea ya kuipima fasihi ya Mwafrika kwa vipimo vilivyochongwa Ulaya, na ile tabia ya kuigawa dunia mapande mawili mawili, mtazamaji huku na kinachotazamwa kule. Nagona ilipotoka miaka mitano baadaye, ilikuwa kama jaribio la kuyatenda yale aliyokuwa ameyahubiri.

Hapa ndipo ninaposhangaa. Sifa za Nagona tumezijenga kwa vipimo vilevile ambavyo mwandishi aliviandikia tasnifu nzima kuvihoji. Tunaisifu kwa sababu inafanana na riwaya za Marekani ya Kusini, au kwa sababu tunamwona Nietzsche ndani yake. Mimi nilifanya hivyo mtihanini, tena kwa ufasaha!

Miaka kadhaa baada ya kuhitimu, aibu ilinisukuma nikaisoma. Kurasa zake hazifiki hata 100. Kilichonipiga na butwaa ni kwamba Kiswahili chake ni chepesi. Kamusi sikuihitaji. Ugumu wake uko kwingine. Msimulizi anatembea tu, hatuambiwi ametoka wapi. Anafika katika mji ulio kimya. Mara kuna paa anayesakwa, mara kuna ngoma kuu inayosubiriwa. Tukio halizai tukio. Sisi tuliolelewa kwa maswali ya ‘taja sifa tatu za mhusika mkuu’ tunabaki tumeduwaa, kwani huyo mhusika hana hata jina la kushikia.

Likizo moja nilimsomea shangazi yangu kurasa za mwanzo. Shangazi hajakanyaga chuo kikuu, lakini ngano anazijua. Hakuniuliza kitabu kinamaanisha nini. Aliuliza, “Enhe, kisha akafika wapi?” Niliendelea. Mji ulio kimya haukumtatiza hata kidogo. Katika ngano zake watu hufika miji kama hiyo kila siku. Lakini tulipofika penye akina Plato na Socrates, alipiga miayo. “Hao nao ni akina nani?” Nilipoanza kueleza, akasema tulale.

Nadhani alikuwa sahihi mara zote mbili. Nagona ina nguvu pale inapotembea kwa miguu ya ngano, na inachechemea pale wanafalsafa wa Ulaya wanapojazana humo. Msomaji asiyewajua hapati kitu, na anayewajua anajipigia makofi kwa kuwatambua. Si kitabu kibaya, la hasha. Ila sehemu ambazo sisi wasomi tunazishangilia sana ndizo ninazoziona dhaifu.

Wapo wanaodai kuwa Kezilahabi aliipoteza riwaya ya Kiswahili njia, eti baada yake kila mwandishi akataka kuandika mafumbo. Siwaungi mkono. Bila mlango aliofungua, sidhani tungepata Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed au Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila katika umbo tulilozipata. Hilo pekee linatosha kuipa Nagona heshima katika historia. Lakini heshima ya kufungua mlango ni tofauti na heshima ya kuwa chumba kizuri cha kukaa.

Ukiniuliza mimi, kitabu bora kati ya hivyo viwili ni Mzingile, ambacho hutajwa kama mkia wa mwenzake. Kakulu, yule mzee wa ajabu, amebebwa na ngano toka mwanzo, na safari ya kumpelekea habari ya msiba ina huzuni ambayo hata mtoto ataielewa. Dunia iliyoteketea mle inatisha bila kumtaja mwanafalsafa yeyote.

Kezilahabi, aliyewahi kufundisha nchini Botswana, alifariki Januari 2020. Baada ya Mzingile hakuchapisha riwaya nyingine, japo mwaka 2008 alitupa diwani ya Dhifa. Nakala yangu ya Mzingile ni fotokopi iliyofifia wino. Shangazi ameniagiza nije nayo Disemba, lakini ameshanionya kwamba wale wazee wa Kizungu wakitokea tena, nitaisoma peke yangu.