Pampu ya dizeli kwenye pikapu: kurekebisha mafuta bila kuua injini

Pikapu za Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L bado zinaonekana kila siku katika njia za kwenda mipakani, zikiwa zimesheheni nyanya, mitumba, samaki na vipuri. Katika nyingi ya injini hizi kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye silinda hupangwa na pampu ya mekanika, si kompyuta. Kwa sababu hiyo kinaweza kubadilishwa kando ya barabara kwa spana na bisibisi, ndani ya dakika kumi. Urahisi huo umeokoa safari nyingi, na pia umewagharimu wenye magari injini nzima.

Ombi analopewa fundi huwa moja: gari halivuti, liongezewe nguvu. Jibu la haraka ni kukaza skrubu ya mafuta. Gari linavuta kweli, dereva anafurahi, fundi analipwa. Hasara huja baadaye, tena kwa mtu mwingine: mwenye gari, ambaye mara nyingi hakuwepo gereji siku hiyo.

Skrubu tatu, kazi tatu

Pampu ya injini hizi ni ya aina ya VE, muundo wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani ambao Denso ya Japani iliutengeneza kwa ajili ya Toyota. Ina skrubu tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza hupanga mwendo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Ya pili huweka kikomo cha juu cha mzunguko wa injini. Hii haina sababu ya kuguswa barabarani. Ya tatu iko nyuma ya pampu, upande zinakotokea bomba za kwenda kwenye nozeli, nayo ndiyo inayoamua kiasi cha juu kabisa cha dizeli kinachopigwa injini ikiwa na mzigo. Kiwandani hufungwa kwa lakiri ili isichezewe.

Skrubu hii ya tatu ikikazwa kwenda ndani mafuta huongezeka, ikilegezwa hupungua. Ikikazwa, mwendo wa injini iliyosimama nao hupanda, hivyo skrubu ya kwanza lazima irekebishwe upya. Ikikazwa kupita kiasi injini inaweza kukimbia yenyewe na kukataa kushuka hata mguu ukiondolewa.

Skrubu huongeza mafuta, haiongezi hewa

Hapa ndipo hesabu nyingi za gereji zinapokosewa. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Ndani ya silinda dizeli na hewa havichanganyiki sawasawa, kwa hiyo injini isiyo na tabo huanza kutoa moshi mweusi hewa inaposhuka chini ya kilo 20 hivi kwa kilo moja ya mafuta. Injini ya 3L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta kinadharia lita 4,170 za hewa kwa dakika, wala haiwezi kuvuta zaidi. Dizeli inayozidi hapo haileti nguvu ya maana. Inatoka kama masizi, na inapandisha joto la eksozi, la pistoni na la silinda hedi. Hedi za 2L hasa zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi.

Kwa msafirishaji wa nchi zetu kuna jambo la ziada, nalo ni mwinuko. Gari linalotoka Mombasa kwenda Malaba linaanzia usawa wa bahari, linapita Nairobi iliyo juu ya mita 1,600, na wakipita njia ya Eldoret linapanda Timboroa, karibu mita 2,700, kabla ya kushuka mpakani kwenye mita 1,200 hivi. Kwenye mita 2,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 23 kuliko pwani. Pampu iliyopangwa Mombasa ikiwa ukingoni mwa moshi itapiga mafuta yale yale Timboroa, wakati hewa imepungua kwa karibu robo. Baadhi ya pampu za VE zina kifaa kinachopunguza mafuta chenyewe kadiri gari linavyopanda. Nyingi hazina. Kwa hiyo pampu ipangwe kwa kufuata sehemu ya juu kabisa ya njia ambako gari hupita likiwa na mzigo, si mji ambako gereji ipo. Dereva atalalamika kwamba gari ni zito kidogo pwani. Avumilie.

Kabla ya kugusa skrubu

Gari lililokuwa likivuta vizuri mwezi uliopita halikupoteza nguvu kwa sababu skrubu ilijilegeza. Kuna kitu kimebadilika, na hicho ndicho cha kutafutwa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya murram ndiyo ya kwanza kutazamwa. Kisha filta ya dizeli na maji yaliyojikusanya chini yake, nafasi za valvu, na nozeli, ambazo zipimwe kwenye mashine: nozeli inayodondosha badala ya kupuliza hutoa moshi mweusi hata mafuta yakiwa machache. Kukaza skrubu juu ya nozeli mbovu ni kulipia ugonjwa mara mbili.

Taimingi nayo ipimwe. Hupangwa kwa kuzungusha pampu nzima kidogo baada ya kulegeza nati zake, na kipimo sahihi husomwa kwa geji ya saa inayoingizwa katikati ya kichwa cha pampu, kwa kufuata kitabu cha injini husika. Ikicheleweshwa, gari huwa zito na kutoa moshi mweupe. Ikiwahishwa mno, injini hugonga na kupata joto. Wapo mafundi wanaopanga kwa sikio, na wachache wao wanalo sikio hilo.

Sababu nyingine haimo ndani ya gari. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, na kila lita yake ina nishati ndogo kidogo, hivyo gari linakosa nguvu. Pampu ya VE hulainishwa na dizeli yenyewe. Haina oili yake. Mafuta ya taa huila taratibu. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya uchanganyaji huo. Anayekazia pampu mafuta mabovu atapata moshi siku atakapojaza mafuta mazuri.

Jinsi ya kurekebisha

Mahali pa kazi hii ni kwenye benchi la fundi pampu, ambako mafuta ya kila silinda hupimwa kwa vikombe na kulinganishwa. Benchi likiwa mbali, injini ipashwe moto kwanza na alama ya rangi iwekwe kwenye skrubu na nati yake, ili pawe na pa kurudia. Nati ilegezwe, skrubu izungushwe moja ya nane ya mzunguko, si zaidi, nati ikazwe, mwendo wa kusimama urekebishwe. Kisha gari lijaribiwe kwenye mlima likiwa na mzigo wake wa kawaida. Moshi hafifu wakati wa kubadili gia unavumilika. Moshi unaoendelea mlima mzima ni dalili ya kurudisha skrubu nyuma. Mwenye kipimo cha joto la eksozi asiruhusu lipite nyuzi 700 hivi.

Hesabu ya mafuta ifanywe kwa daftari, si kwa kukisia. Tuseme gari lilikuwa likienda kilomita 10 kwa lita, na baada ya kukazwa linaenda 8. Safari ya kilomita 400 iliyokula lita 40 sasa inakula 50. Kwa safari nane kwa mwezi, hizo ni lita 80 zaidi. Mwenye gari azidishe kwa bei ya kituo chake, kisha aulize kama muda uliookolewa mlimani unazifikia. Kwa mzigo wa samaki wabichi huenda ukazifikia; kwa saruji, ni vigumu.

Magari mapya

Hilux zenye injini za 2KD na 1KD, zilizoenea kuanzia miaka ya 2000, na za GD zilizoanza mwaka 2015, hazina skrubu hii. Kompyuta ndiyo inayoamua, na mafuta hukaa kwenye reli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000. Bomba zake hazifunguliwi injini ikiwaka, kama ilivyozoeleka kwenye 3L wakati wa kutafuta silinda mbovu: dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Visanduku vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa ajili ya magari haya hudanganya kompyuta kuhusu shinikizo la reli ili ipige mafuta zaidi. Ni skrubu ile ile, ila imevaa waya.

Anayenunua pikapu iliyotumika na atazame nyuma ya pampu. Lakiri ikiwa imekatika, aombe gari lipandishwe mlima likiwa na mzigo kabla ya kukubaliana bei.